Praima ya Gari Haifai Dau

Nitaanza na hoja yenyewe, asije mtu akaniuliza mwishoni nilikuwa natetea nini. Anayelipaka dau la mbao praima ya gari analiharibu dau hilo. Anayelipaka rangi ya mafuta juu ya mbao zenye unyevu, bila kuzikwangua, bila kuzikausha na bila kuzipa tabaka la chini, analiharibu vilevile, ila kwa gharama ndogo zaidi. Na anayefanya mojawapo ya hayo huku anajua, kisha akalipakia watu au akaliuza, huyo simwoni tofauti na mtu anayeuza dawa iliyokwisha muda wake.

Nayasema haya kwa sababu ya Rongui. Ni kisiwa kidogo cha pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kusini ya mdomo wa Ruvuma, jirani na Vamizi. Kasa hupanda pale kutaga, na wavuvi hupiga dago: wa Palma, wa Mocímboa da Praia, na wa upande wetu wa Mtwara. Mimi nimekaa dago pale misimu miwili na mjomba wangu, kabla ya vita vilivyoanza Mocímboa da Praia mwezi wa Oktoba 2017. Sikuona gari pale, wala njia ambayo gari lingepita. Hata hivyo, chini ya mkadi, karibu na vyombo vilivyopandishwa, nilikuta makopo matupu ya praima ya gari. Yaliletwa kutoka bara kwa mashua, yakafunguliwa kwenye kisiwa kisicho na gari, yakamalizwa juu ya mbao.

Nilimwuliza kijana mwenye dau mojawapo kwa nini ametumia kitu cha magari. Akanijibu, "Praima ni praima, kaka." Fundi mmoja mzee, aliyekuwa amekaa pembeni anapiga kalafati, alicheka bila kuinua kichwa. Lugha yake ilikuwa Kimwani, na Kimwani na Kiswahili chetu havihitaji mkalimani mrefu. Alisema, "Chuma hakinywi maji, mwanangu. Mti unakunywa." Kwangu mimi mjadala uliishia hapo. Lakini kwa kuwa makopo yanaendelea kununuliwa, inabidi jambo hili lifafanuliwe.

Wenye magari hawana haja ya kufundishwa. Mtu wa Mtwara au wa Dar es Salaam aliyeamua kulipaka gari lake rangi nyumbani, uani chini ya mwembe, anajua kwamba kazi kubwa haiko kwenye rangi. Hukwangua kutu mpaka chuma king'ae. Huosha chumvi kwa maji baridi. Hupiga msasa mkali, halafu msasa laini. Huziba mashimo kwa puti, husubiri ikauke, hupiga msasa tena. Hufuta vumbi na mafuta kwa thina. Ndipo anapopuliza praima, na praima ikishakauka huipitia kwa msasa wa maji, kisha huja rangi. Anajua pia kwamba praima ya kijivu peke yake haizuii maji. Ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na gari linalotembezwa miezi mingi na praima tupu huota kutu chini yake. Mtu huyo hatakubali fundi wake aruke hata hatua moja. Akiona rangi imeanza kuvimba malengelenge, atamrudia fundi kwa ugomvi.

Mtu huyohuyo akifika ufukweni husahau hatua zote hizo na kukumbuka kopo tu. Hapo ndipo ninapomlaumu. Alichotakiwa kukichukua kutoka kwenye gari na kukipeleka kwenye dau ni ile kanuni: safisha, kausha, tia tabaka la kwanza linaloendana na kitu unachokipaka, ndipo upambe. Yeye kaiacha kanuni na kuchukua dawa ya chuma akaipaka mti.

Sasa tuseme kwa nini dawa hiyo haifai. Praima ya gari imetengenezwa kushika juu ya bati lililokwaruzwa. Bati halivimbi likilowa, wala halisinyai likianikwa, isipokuwa kidogo mno. Ubao wa dau hufanya yote mawili kila siku. Ukiwa majini hunywa maji na kuvimba, na kule kuvimba ndiko kunakobana mishono isivuje. Chombo kikipandishwa juani, ubao husinyaa. Ngozi kavu ya praima haiwezi kuufuata ubao unaokua na kupungua namna hiyo, kwa hiyo hupasuka, nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia kwenye nyufa hizo, hukaa kati ya praima na mti, na hayana pa kutokea. Puti ya gari ni mbaya zaidi. Ikikauka huwa ngumu kama jiwe, na ikiwekwa kwenye mshono wa mbao mbili zinazosogea, siku moja huchomoka nzima kama jino bovu, tena mara nyingi baharini, kwa sababu baharini ndiko mbao zinakosogea.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa mjini hawalijui. Adui mkubwa wa ubao wa chombo si maji ya bahari. Ni maji ya mvua. Kuvu inayoozesha mbao hustawi kwenye unyevu wa maji baridi, na chumvi huizuia. Ndiyo maana chombo huoza kutoka ndani na kutoka juu, kwenye viungo vya mataruma na chini ya sakafu, mahali mvua inapotuama, ilhali ubao unaoshinda ndani ya bahari bado mzima. Ukilifunika dau zima kwa ngozi ya rangi, ndani na nje, huku mbao bado zina maji ya masika, umeifungia kuvu chumbani na kuipa chakula. Nje dau linang'aa buluu na nyekundu. Ndani taruma linakatika kwa kidole.

Wazee hawakuyasoma haya katika kitabu cha kemia, lakini walichokuwa wakikifanya kinalingana nayo hatua kwa hatua. Chombo kilipandishwa wakati wa bamvua, maji yalipojaa sana, kikaegemezwa kwenye magogo. Kilikwanguliwa magamba na majani ya bahari. Kilipitishiwa moto wa makuti makavu chini ya tumbo, haraka haraka, kwa mkono wa mtu anayejua, ili mbao zikauke na wadudu wanaotoboa mbao wafe. Mishono ilifunguliwa ikapigwa kalafati, pamba iliyolowekwa mafuta na kushindiliwa kwa patasi na nyundo. Pamba tofauti na puti: ikilowa huvimba pamoja na ubao. Halafu tumbo la chombo, sehemu inayozama, lilipakwa deheni, na sehemu ya juu ikapakwa sifa.

Deheni ni chokaa iliyochanganywa na shahamu ya mnyama. Chokaa yenyewe huchomwa kutokana na matumbawe na makombe. Msomi asikimbilie kuiita uchafu. Chokaa na mafuta vikikutana hufanya aina ya sabuni, lakini sabuni isiyoyeyuka majini. Hushika mti, hubaki laini ikausogelea ubao unapovimba, na humfanyia kizuizi yule mdudu wa mbao ambaye kwa kweli ni jamaa ya chaza, aingiaye akiwa mdogo kuliko punje ya mchanga na kunenepa ndani. Deheni haidumu. Baada ya miezi michache lazima irudiwe. Wenye haraka huona hilo ni kasoro. Mimi naona ni faida, kwa sababu anayerudia deheni hulazimika kila mara kukipandisha chombo, kukikwangua na kukitazama tumbo lake kwa macho yake.

Sifa ni mafuta ya maini ya papa, na msomaji asichanganye na ile sifa ya kusifiwa, maana harufu yake haisifiki. Ibn Jubayr, msafiri wa Andalusia aliyepita katika bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu mwaka 1183, aliandika kwamba vyombo vya kushonwa vya huko vilipakwa samli, mafuta ya mbarika au mafuta ya papa, na kwamba ya papa ndiyo bora. Sababu inaeleweka. Mafuta huzama ndani ya mti, na mti ulioshiba mafuta hauna nafasi kubwa ya kunywa maji. Hilo ndilo tabaka la kwanza la kweli la chombo cha mbao, lililotumika karne nyingi kabla neno praima halijafika kwetu.

Sasa nizijibu hoja za wanaonipinga, maana nimezisikia ufukweni na nimezisikia bwenini.

Ya kwanza husema: huyu anataka turudi nyuma, anaogopa vitu vya dukani. Si kweli. Mtu anayetaka rangi na apake rangi. Nadai tu kwamba aikaushe mbao kwanza, na kwamba tabaka la kwanza liwe jepesi, rangi ya mafuta iliyozimuliwa vizuri au mafuta ya kukaushia mbao, lizame ndani kabla ya tabaka zito la juu. Kopo hilo nalo linauzwa dukani, rafu ile ile. Mwenye duka anayempa mvuvi kopo la gari kwa sababu ndilo lililobaki, naye anajua linakwenda kwenye dau, hamsaidii maendeleo yeyote.

Ya pili ni nzito zaidi: papa wanakwisha. Hii naikubali bila kupepesa macho. Aina kadhaa za papa ziliongezwa mwaka 2013 kwenye orodha za mkataba wa CITES kwa sababu biashara ya mapezi imewamaliza, na hakuna atakayenisikia nikisema tuue papa ili tupate maini ya kupaka madau. Lakini tazama jinsi hoja hii inavyotumiwa. Mtu anasema papa wanakwisha, kwa hiyo tutumie praima ya gari. Kutoka kwenye la kwanza hutafika kwenye la pili. Kilichotakiwa ni kuuliza: mafuta gani mengine yanazama kwenye mti na kukauka humo?

Kwa watu wa Mtwara na Cabo Delgado, swali hilo lina jibu la kuanzia mlangoni kwao. Ganda la korosho lina mafuta meusi makali, yale yanayobabua midomo ya watoto wanaong'ata korosho mbichi. Huko India mafuta hayo yametumika kuhifadhi mbao za vyombo vya uvuvi. Ni makali kwa ngozi, kwa hiyo yanahitaji glavu na maarifa, na yanahitaji kupimwa kwenye mbao zetu wenyewe. Lakini sisi tunafanya nini? Sehemu kubwa ya korosho ya Tanzania husafirishwa ikiwa ghafi kwenda India na Vietnam, na ganda linaondoka nalo. Tunawapelekea mafuta ya kuhifadhia madau, halafu tunapakia kwenye mashua makopo ya praima ya gari kwenda nayo Rongui. Chuo kinachotaka kuandika utafiti wenye manufaa kwa pwani hii kimepata mada, tena bure.

Ya tatu husema kazi hiyo ni ndefu na mvuvi hana muda. Mvuvi hana muda, ni kweli. Kila siku chombo kikiwa juu ya mchanga ni siku bila samaki. Lakini muda huo hauponyoki, unaahirishwa tu. Asiyetumia siku kadhaa kukausha na kupiga kalafati atautumia muda uleule, na zaidi, akifua maji kwa kata usiku kucha huku mwenzake anavua. Wahenga wa baharini walishasema kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Unaweza kuzunguka chombo chote ukilipamba gubeti na kuandika jina kwa herufi za rangi tatu. Mwisho utarudi ngamani, na ngama haipakwi rangi ya kudanganya. Ngamani utakuta maji au utakuta pakavu.

Ya nne huwa haisemwi kwa sauti, na ndiyo inayonikera kuliko zote. Rangi hupakwa kwa sababu inaficha. Chombo kilichokaa juu ya mchanga muda mrefu bila mwenyewe hufunguka mishono, na miaka ya vita imeviacha vyombo vingi bila wenyewe. Palma iliposhambuliwa Machi 2021 watu waliondoka na walichoweza kubeba. Dau la namna hiyo likipatikana na mtu asiye na huruma, kazi yake ni ya siku moja: puti kwenye nyufa, praima ya kijivu kuzunguka, rangi ya kupendeza juu, kisha mnunuzi anatafutwa. Mnunuzi mara nyingi ni mtu aliyerudi nyumbani baada ya kupoteza kila kitu, na pesa yake ni ya mwisho.

Hapo ndipo suala la rangi linapokuwa suala la roho za watu. Pwani hii chombo cha uvuvi hakibebi samaki tu. Ndicho basi, ndicho gari la wagonjwa, na wakati wa shida ndicho kimbilio. Mwaka 2020 maelfu ya watu walikimbia kutoka wilaya za kaskazini wakashushwa na madau na mashua kwenye ufukwe wa Paquitequete, mjini Pemba. Wapo ambao hawakufika. Tarehe 7 Aprili 2024, karibu na Kisiwa cha Msumbiji, chombo cha uvuvi kilichosheheni abiria kilizama na watu karibu 100 wakafa. Sisemi praima ndiyo iliyowaua. Kilichotajwa ni kujazwa kupita kiasi. Nasema kwamba katika pwani ambayo chombo cha samaki hujazwa watu kwa namna hiyo, hakuna anayeruhusiwa kulichukulia taruma bovu kuwa ni jambo la urembo.

Na tusisahau vumbi. Rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na hata leo si kila nchi inayosimamia kile kiwango cha sehemu 90 kwa milioni kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa. Anayelikwangua dau la zamani kwa msasa mkavu huku watoto wanacheza chini yake anawalisha vumbi hilo. Alilowanishe, akusanye makwangulio, awaondoe watoto. Hili halihitaji pesa, na mwenye gari anayepiga msasa uani kwake linamhusu vilevile.

Neno langu la mwisho ni kwetu sisi wanafunzi wa Kiswahili. Neno deheni limo kwenye kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939. Limehifadhiwa salama kabisa, kwenye karatasi. Kijana wa dago hana kamusi. Ana kopo, na kopo limeandikwa praima. Tunapofundishana istilahi darasani tunasema kwa fahari kwamba Kiswahili kina utajiri wa maneno ya bahari, kisha tunayaorodhesha kama mapambo: kalafati, deheni, sifa, ngama, taruma. Maneno hayo ni maelekezo ya kazi. Kila neno lililopotea ufukweni limeondoka na hatua moja ya kazi, na hatua iliyoruka inaacha tundu. Simchukii praima, ni neno zuri la Kiswahili cha gereji, na lina mahali pake. Lakini tulipoliacha lisimame badala ya maneno matano, tulimwacha kijana yule aamini kwamba kazi tano ni moja.

Kwa hiyo natoa madai yangu waziwazi. Mwenye duka aseme kopo ni la chuma au la mti kabla hajapokea pesa. Fundi akatae kupaka juu ya unyevu hata akiongezewa malipo. Mnunuzi asikubali kuonyeshwa rangi: achukue kisu, achomechome viungo vya mataruma na kando ya mkuku, na kisu kikizama kama kwenye mhogo uliochemka, arudishe pesa yake mfukoni. Nasi tunaojiita wataalamu wa lugha twende tukakae na mafundi hawa wakiwa bado wanapiga nyundo, tuandike wanachofanya kwa utaratibu wanaoufuata, ili kitabu kitakachotoka kiweze kurudi dagoni na kutumika. Na wewe utakayepanda dau kesho, usiulize limepakwa lini. Inua ubao wa sakafu, tia mkono ngamani.